Jani la Tarehe Tisa

Mwanangu Hellen alikuja nyumbani mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha, amevaa ndala za rangi mbili, moja ya bluu na moja ya kijani. Nilipoziona zile ndala nikajua hakutoka kwake kwa kuaga. Mkono wa kushoto alikuwa ameuzungushia kanga. Nilipoifungua, vidole viwili, kile cha pete na kile cha mwisho, vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi kama ndizi zilizosahaulika kapuni.

"Mlango wa gari," akasema.

"Ulijibana mwenyewe?"

"Mama, nani anajibana na mlango mara mbili?"

Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikamwosha. Kesho yake tulishuka hospitali, wakavinyoosha vile vidole na kutuambia vitapona ila havitakunjika tena.

Hellen ndiye kitinda mimba wangu. Alikuwa na miaka sita ya ndoa kule Tarakea, ndoa ya kanisani, na mtu anaitwa Denis, mfanyabiashara wa mahindi na maharage anayevuka mpaka kwenda Kenya na kurudi. Mtoto hawakupata, na hilo lilikuwa kosa la Hellen peke yake. Kabla ya vidole kulikuwa na jino, na kabla ya jino kulikuwa na mambo ambayo mama huyaona mwanawe akiinama kufunga kiatu, blauzi ikipanda mgongoni.

Kufika mwisho wa Novemba alikuwa ameitoa cherehani yake ya zamani stoo, akaitia mafuta, akaipeleka Himo kwenye baraza la duka moja karibu na njia panda. Alikuwa anapinda vitenge na kubana suruali za madereva. Vile vidole viwili vilisimama wima kama misumari, basi akajifundisha kusukuma kitambaa kwa kiganja. Jioni alipanda nyumbani, akabadilisha nguo, akakamua ng'ombe. Siku moja nikiwa jikoni nikamsikia anaimba huko zizini. Alikuwa hajaimba tangu siku ya kuolewa kwake, na siku ile aliimba kwa sababu kwaya ilimlazimisha.

Ndipo Melkior akapiga simu. Melkior ni mwanangu wa kwanza, ana duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini, na tangu baba yao Primus alipofariki yeye ndiye mkubwa wa nyumba yetu.

"Mama, wazee wa Tarakea wanakuja Jumatatu. Ni Uhuru, kazi hakuna, kila mtu ana nafasi. Wanaleta isale."

Nikakaa chini.

Kwa asiyetoka huku mlimani nieleze. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Tunaupanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwenye makaburi ya watu wetu. Mtu aliyekukosea akikujia na jani lake amelipiga fundo, akakupigia magoti, akakunyooshea, humkatai. Ukishalishika, neno limekwisha, na halitajwi tena. Anayemkatalia mtu jani, au anayelipokea kisha akaligeuka, balaa humwangukia aliye dhaifu nyumbani mwake. Ng'ombe mwenye mimba, au mtu mwenye mimba.

Padri wetu anasema hizo ni hofu za mababu. Lakini padri hana mkwe. Mimi nina mkwe, mke wa Melkior, anaitwa Goodness. Alikuwa amepoteza mimba mbili, zote zikiwa za miezi saba. Desemba ile alikuwa na ya tatu, imeingia mwezi wa nane, na alitembea kama aliyebeba beseni la maji lililojaa mpaka ukingoni.

Jumapili baada ya misa nilimwambia Hellen. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Jani linapewa nani?" akauliza.

"Mimi. Ni la mzazi. Baba yako hayupo."

"Ukilipokea umenirudisha."

"Najua."

"Unajua kwa sababu na wewe ulirudishwa."

Nikamwangalia. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtoto wangu yeyote. Mwaka wa sabini na nne nilimkimbia Primus, Melkior mgongoni, damu inanitoka sikio la kushoto. Siku ya tatu Primus akaja kwa baba yangu na jani. Baba alikuwa anakunywa chai. Alipokea kwa mkono wa kulia, kikombe kikiwa bado mkono wa kushoto, na siku iliyofuata nikarudishwa. Primus hakunipiga tena sikioni. Watoto waliniuliza sikio hilo lina nini, nikawajibu nilizaliwa hivyo.

"Marehemu shangazi alinieleza," Hellen akasema. "Mama, usilipokee."

"Nitajitahidi."

"Hapana. Niambie hulipokei."

Nikamwambia silipokei. Akaniangalia kwa muda, akarudi kwenye ndizi zake.

Asubuhi ya tarehe tisa mlima ulikuwa wazi. Kutoka uani kwangu, ukisimama karibu na kaburi la Primus, unauona Kibo wote na kilele chake, kile walichokipa jina la Uhuru mwaka ule tulipojitawala. Mwaka ule nilikuwa darasa la kwanza. Walitupa andazi na bendera ya karatasi, na mwalimu akatuambia kuanzia leo hakuna atakayekutuma usikotaka kwenda. Nililiamini lile neno mpaka nilipofika nyumbani, mama akanituma kukata majani ya ng'ombe. Nilimwambia mwalimu amesema hatutumwi tena. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Mwambie mwalimu wako aje akate yeye." Nikaenda kukata, bendera nimeichomeka kwenye nywele.

Asubuhi hii nilikuwa na mpango. Jani hushikwa kwa mkono, na mwenye mkono uliojaa hawezi kushika. Kwa hiyo tangu watakapoingia mpaka watakapochoka na kuondoka, mikono yangu isingekuwa mitupu. Sikuwa nakataa. Anayekataa husema hapana. Mimi ningekuwa na kazi tu.

Walifika saa nne kwa gari la Denis, Probox nyeupe. Nikaiangalia milango yake yote minne, nisijue ni upi. Akashuka mzee Ildefonce, baba yake Denis, mwembamba mrefu, koti la sufu, fimbo mkononi. Akashuka Denis, shati limepigwa pasi, macho chini. Vijana wawili wa kwao wakashusha mbuzi na ndoo mbili za mbege, pombe yetu ya ndizi. Jani lenyewe Denis alilishika mbele ya kifua kama mshumaa wa kipaimara.

"Shikamoo mama," Denis akasema.

"Marahaba," nikajibu. Nilikuwa nimeshika sufuria ya maziwa ya moto kwa mikono yote miwili. "Karibuni ndani, hii inaunguza."

Basi ndivyo siku ilivyoanza. Nikaingiza chai. Nikatoa vikombe. Nikaleta mtori, nikarudi kuchukua vijiko, nikaleta vijiko, nikasahau chumvi kwa makusudi. Wakati wa mbege nilishika kata mwenyewe, nikimpa huyu na kuipokea kutoka kwa yule, hivyo kwamba kila nilipokuwa mbele ya Denis kata ilikuwa mkononi mwangu.

"Mama, njoo ukae," Melkior akasema. "Wageni wana neno."

"Nakuja, mwanangu. Ndizi zinaungua."

"Goodness yupo jikoni."

"Goodness asiiname."

Mzee Ildefonce akatabasamu. "Mwache mama Melkior. Sisi leo hatuna haraka. Ni sikukuu."

Redio ilikuwa imewashwa pale sebuleni. Gwaride likaisha, hotuba ikasomwa, na mtangazaji akasema kwamba kwa kuadhimisha siku hii wafungwa wengi wamepewa msamaha na wengine watatoka leo hii kwenda kwao.

"Mnasikia?" mzee Ildefonce akasema. "Hata wezi wa mifugo wamesamehewa leo. Na sisi ni ndugu."

Hellen alikuwa amesimama mlangoni, karai la sahani kiunoni. Hakuwa amesema neno tangu waingie, zaidi ya shikamoo.

"Baba," akasema, "hao waliosamehewa wanatoka gerezani. Mimi mnataka niingie."

"Hellen," Melkior akasema.

"Nauliza tu, kaka. Kwani si sikukuu?"

Kijana mmoja wa Tarakea akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Denis akakunja uso, na kwa kitambo kidogo nikaona taya lake likikazana. Baba yake akamgusa goti kwa fimbo. Taya likalegea.

Mchana nikatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, ingawa majani yalikuwapo. Niliporudi na mzigo kichwani, mikono yote miwili imeushika, nikamkuta Denis amepiga magoti katikati ya uwanja, kwenye matope, suruali yake nzuri imelowa mpaka mapajani. Alininyooshea jani.

"Mama, naomba. Nimekosa. Shetani alinipitia."

"Nina mzigo, baba," nikasema, nikampita.

Zizini nikamlisha ng'ombe jani moja moja. Nafikiri nilikaa huko saa nzima. Nilichungulia kwenye mbao. Manyunyu yalikuwa yameanza na Denis alikuwa bado amepiga magoti. Majirani wawili walisimama kwenye uzio wa isale, miavuli juu, wakiangalia. Goodness alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, mikono yote miwili juu ya tumbo, na aliangalia zizini nilipo. Hakuniambia kitu, si siku ile wala baadaye. Lakini macho yake niliyaelewa. Alikuwa ananiomba jambo kinyume na lile aliloniomba Hellen, na wote wawili ni wangu.

Saa kumi nikaanza kukamua. Ndoo ilipojaa nikaishika kwa mikono miwili, nikatoka. Nikaona mzee Ildefonce anakuja chini ya mvua bila kofia. Akamfikia mwanawe, akamnyang'anya jani.

"Inuka," akamwambia. "Umemuudhi mama wa watu siku nzima. Nitapiga magoti mimi."

Akanijia mpaka pale kwenye mawe ya mlango wa zizi, mawe ambayo kwato zimeyalainisha miaka arobaini. Mtu wa miaka themanini. Akaegemea fimbo, akaanza kukunja goti la kwanza, polepole, akisema, "Mama Melkior, kwa ajili ya hao waliolala hapa kihambani." Fimbo ikateleza.

Nikaiachia ndoo. Ilianguka, maziwa yakaenda yote kwenye mawe, nami nikamdaka mzee kwa mikono miwili, mmoja kwapani na mwingine kwenye mkono wake wa kulia. Nikamsimamisha. Alikuwa mwepesi kama kuku. Na aliposimama sawasawa akauvuta mkono wake, na jani likabaki katika mkono wangu, vidole vyangu vimelifunga.

Sijui kama aliteleza kweli. Nimelifikiria jambo hilo mwaka mzima. Fimbo ile alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi kwenye matope hayo hayo na haikuteleza.

"Asante, mama," akasema. "Umepokea."

"Amepokea," Melkior akasema. Akawa anafuta macho kwa mkono wa shati. Denis akainama kugusa miguu yangu. Goodness alifumba macho na kuegemeza kichwa ukutani, kama mtu aliyetua mzigo.

Hellen akaja kutoka jikoni. Alipita kati ya watu wote, akasimama mbele yangu, maziwa yanapita chini ya viatu vyake.

"Mama."

"Alikuwa anaanguka."

"Nimeona. Sasa mrudishie."

Nilitaka kufungua vidole. Wanaosoma hili wanaweza wasiamini, lakini nilitaka. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kuachia ndoo. Lakini kabla sijafungua nikageuza macho, nikamwangalia Goodness pale kwenye kigoda, na Hellen akafuata macho yangu mpaka yalipofika. Akaliona lile tumbo.

"Haya," akasema. "Jani ni lako. Mimi sijapokea kitu." Akanionyesha mikono yake, wa kulia na wa kushoto, vile vidole viwili vimesimama.

"Mke wangu," Denis akasema, "chukua nguo zako, giza lisitukute Rombo."

Akaingia ndani. Akatoka na mfuko mmoja. Denis alikuwa ameshamfungulia mlango wa mbele. Hellen akalipita gari.

"Hellen, gari ndilo hili."

"Nimeliona. Tunafahamiana."

Melkior akamkimbilia mpaka kwenye uzio. "Mdogo wangu, sikiliza. Mama ameshapokea. Ukitoka hapa bila kwenda kwa mumeo, hatuwezi kukupokea tena. Itakuwa tumeligeuka jani. Unaelewa? Hata kulala usiku mmoja."

"Naelewa, kaka. Msalimie mtoto akizaliwa." Kisha akanigeukia mimi, kwa mbali, akainua sauti kwa sababu ya sikio langu. "Mama, ng'ombe hajamaliziwa kukamuliwa."

Akashuka barabara ya Himo kwa miguu. Denis alitaka kumfuata. Baba yake akamzuia, akasema atarudi mwenyewe akiona njaa. Mbuzi alichinjwa hata hivyo. Nyama ikagawanywa kama inavyotakiwa, nikapewa fungu la mama wa binti. Nililila. Sikujua la kufanya nalo zaidi ya hilo.

Januari Goodness alijifungua mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na robo. Akapewa jina langu, Kornelia, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza. Melkior aliponiwekea mtoto mikononi akasema, "Unaona, mama?" Nikasema naona. Ni mtoto mtulivu, hulala amekunja ngumi, na kila nikimbeba najua alilipiwa nini, ingawa sijui kama deni lilikuwapo. Denis amepata mke mwingine. Vidole vya huyo sivijui.

Mwaka huu tarehe tisa nilivaa kitenge changu kipya ambacho hakijapindwa, nikashuka Himo. Sikumwambia Melkior. Nilijiambia kwamba kwenda kwa fundi si kumpokea mtu nyumbani, kama ninavyojiambia sasa kwamba kuandika si kutaja.

Maduka mengi yalikuwa yamefungwa lakini yeye alikuwa kazini, pale barazani. Amenenepa kidogo. Nywele amekata fupi. Alikuwa anabana suruali, akiisukuma kwa kiganja, haraka, kama amezaliwa hivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo si sikukuu? Hupumziki?"

"Nikitaka napumzika. Leo sikutaka." Akavuta kiti. "Hicho kitenge kinakatika nyuzi. Simama hapa."

Akanipindia nikiwa nimekivaa upande mmoja, amepiga magoti mbele yangu na pini mdomoni. Nikauangalia utosi wake. Nikaona ana mvi mbili. Aliniambia amepanga chumba nyuma ya soko, chumba kimoja, kinavuja kona moja tu, na kwamba ana ufunguo wake na hakuna mwingine mwenye ufunguo. Alisema usiku huamka, akaenda kuujaribu mlango, akafungua na kufunga, kisha akalala tena. Aliniambia hayo kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa. Mwezi wa sita aliugua malaria siku nne, hakuna aliyempa maji.

"Ungetuma mtu," nikasema.

"Aje kumwambia nani?"

Alipomaliza akakata uzi kwa meno. Nikauliza lile nililoshuka nalo.

"Utapanda lini nyumbani?"

Akatoa pini ya mwisho mdomoni, akaichomeka kwenye mto wa pini. "Lile jani bado unalo?"

"Ninalo."

"Basi," akasema, akarudi kwenye suruali ya mtu.

Nililihifadhi kwenye kopo la chai, juu ya kabati. Niliporudi jioni nilishusha lile kopo. Jani limekauka, limekuwa la rangi ya udongo, lakini fundo bado limekaza. Moto ulikuwa unawaka jikoni, kuni za mkahawa mkavu, moto mzuri. Nililitoa, nikapiga hatua mbili. Nje, mlima ulikuwa umefunikwa, hakuna kilele wala nini.

Goodness alikuwa amekuja na mtoto kusherehekea, wamelala chumba cha pili. Nikiwa nimenyoosha mkono juu ya moto nikamsikia mtoto akikohoa. Mara moja tu, kikohozi kidogo, cha mtoto yeyote.

Nikalirudisha kwenye kopo.